Mguu wa Mzee wa Kwenye Filamu

Xintang, Guangzhou
8 Septemba 2024

Dada Dainess, shikamoo.

Barua hii Herieth kaibeba kwenye pochi yake, kwa hiyo ikikufikia imekunjamana ujue imekaliwa ndani ya ndege. Usinipigie simu. WhatsApp huku haifunguki mpaka uibe njia ya kukwepa vizuizi vya mtandao, na ile ya Kichina niliyowekewa na laoban, ndivyo tunavyomwita bosi, naamini anaisoma. Nakuomba pia usiisome kwa sauti. Baba asisikie.

Unajua nilikuja kumchagulia Herieth suruali za jinzi za duka lake la Mwanza. Kiwanda kikachelewesha mzigo, nikawa nashinda karakana nasubiri. Siku moja mafundi wakafungulia muziki, na unanijua, nikisikia mdundo miguu yangu haingoji niiruhusu. Nikashika ubao wa kupimia kitambaa kama jembe, nikawachezea bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, nikaurusha juu nikaudaka. Wasichana wa cherehani wakapiga makofi. Kumbe mlangoni kuna mtu anatazama. Kesho yake mtu huyo, ndiye laoban, alirudi na mkalimani. Ana kampuni ya kupeleka wacheza ngoma kwenye ufunguzi wa maduka makubwa, akasema mtu kama mimi anamtafuta siku nyingi. Nikavimba kichwa, sitakuficha.

Nilidhani anaitaka ngoma yetu. Tuko watatu: mimi, Kiplagat wa Kenya na Eugene wa Kongo. Siku ya kwanza akatuonyesha tangazo lenye picha zetu na maandishi ya Kichina chini yake. Mkalimani akasoma: Wacheza Ngoma wa Watu wa Asili wa Australia. Kiplagat akasema, "Boss, mimi ni mtu wa Kapsabet." Mkalimani akatafsiri, laoban akacheka, akasema wateja wake hawataijua tofauti.

Basi akatupa filamu ya makala, zile za kuonyesha maisha ya kweli ya watu, inayohusu ngoma za hao watu wa Australia, tuige. Rangi nyeupe kanunua mtaa wa Yide Lu kwenye maduka ya vifaa vya watoto wa shule. Manyoya tunayojifunga miguuni ni ya vifagio vya kufutia vumbi. Ukituona utacheka mpaka ulie.

Kwenye filamu kuna mzee mmoja anayetangulia mbele ya wenzake. Mzee huyo, dada, anajua. Anauburuza mguu wa kushoto mchangani unaacha mfereji, halafu anautua ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo. Wenzangu wamejaribu wameshindwa. Mimi nimeupata. Nimeufanyia mazoezi mpaka nyonga ikauma, na sasa laoban ananiweka mbele.

Ila ninaogopa. Pasi zetu za kusafiria alizichukua akasema anakwenda kutuandikisha polisi, na hajazirudisha. Nikiuliza ananijibu mingtian, yaani kesho, na kesho yake haifiki. Viza yangu ni ya biashara, hairuhusu kucheza ngoma. Kwa hiyo siwezi kumshtaki, maana nitakuwa najishtaki mwenyewe. Siku hizi nikiona gari la polisi nageukia dirisha la duka, najifanya nachagua viatu.

Usimwambie Baba.

Mdogo wako,
Mikaeli


Magu
22 Septemba 2024

Mikaeli mdogo wangu,

Marahaba. Uliniambia nisiisome kwa sauti, nami nikaisoma kimya. Ikawa ndiyo shida. Baba yuko kitini kwake barazani, anasikia cherehani yangu imenyamaza, akauliza, "Huyo mdogo wako kafanya nini?" Baba hawezi kudanganywa na kimya. Nikamsomea yote.

Pale pa Kapsabet alicheka mpaka kikohozi kikambana. Kile kikohozi cha Agosti hakijamwacha, ila usianze kuwaza, anakula na anagombana na kila mtu. Halafu nikafika kwenye mzee anayeburuza mguu, akaacha kucheka. Akaniambia nichukue kalamu. Nakuandikia kama alivyosema, sijapunguza.

"Mikaeli. Ngoma hiyo ya nani? Nani kakupa? Umekwenda kwao ukaiomba? Mwaka ule wa mashindano ya Ngudu, kijana wetu mmoja aliuchukua wimbo wa kundi la upande wa pili akauimba kama wetu. Uwanja mzima ukahamia kwetu, tukashinda. Kesho yake nikaenda kwa mtunzi wao na mbuzi, nikamrudishia wimbo wake na ushindi wake mbele za watu. Wewe ulikuwa unalia unataka mbuzi abaki. Ukaniuliza, Baba, kwani wimbo unaisha ukiimbwa na mwingine? Nikakuchapa kofi badala ya kukujibu. Basi jibu ni hili: mtu anayetunga anaweka kitu chake humo ndani, na wewe usiyemjua hujui umebeba nini. Jembe lako linaota kutu nyuma ya mlango. Mjinga wewe."

Mwisho wa maneno ya Baba.

Mimi sina hekima hiyo. Ninachojua ni kwamba pasi yako iko mfukoni mwa mtu mwingine na silali vizuri. Tafadhali usigombane na huyo bosi. Nakujua ukikasirika. Mbembeleze, mpe heshima, cheza anachotaka, uichukue pasi, uje.

Dada yako,
Dainess


Guangzhou
9 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Mpe Baba barua hii ukimaliza. Safari hii nataka asikie.

Laoban alikuwa anatuwekea filamu kutoka katikati, penye ngoma tu. Juzi alikwenda nje kuzungumza na simu, nikairudisha mpaka mwanzo. Kabla ya picha yoyote kuna maandishi ya Kiingereza, meupe kwenye giza. Nikayasoma kwa kile Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikayarudia mpaka nikaelewa. Yanasema hivi: tahadhari, katika filamu hii mtaona sura na mtasikia sauti za watu waliofariki dunia, na kwa ndugu zao inaweza kuwa huzuni.

Nikaipeleka mpaka mwisho. Yule mzee amefariki, dada. Alikufa kabla filamu haijamalizika. Hawamtaji jina, maana kwao jina la aliyefariki halitajwi ovyo na picha yake haionyeshwi mpaka ndugu wakubali. Aliyeitengeneza filamu ni binti yake. Anaeleza kwamba walisubiri muda mrefu kabla ya kukubali watu wengine wamwone baba yao.

Na mimi nimekuwa nikijipaka alama za kifua chake na kuburuza mguu wake kwenye milango ya maduka, watu wanakula aiskrimu.

Sasa sikiliza jambo jingine, na Baba asikilize. Tangu siku ile mguu wangu wa kushoto ni mzito. Sijaanguka wala sijagongwa. Jana tunashuka ngazi za treni, Kiplagat yuko nyuma yangu akasema, "Manze, show imeisha, wacha hiyo walk." Nilikuwa sichezi. Nilikuwa natembea tu. Nikatazama chini, nikauona mguu wangu unaburuza kwenye vigae kama wa yule mzee. Nikakaa palepale kwenye ngazi, watu wananipita, natetemeka. Kiplagat akadhani ni malaria.

Halafu laoban akaja na habari anazoziona nzuri. Desemba kuna tamasha la filamu za makala hapa mjini na filamu hii itaonyeshwa. Binti wa mzee anakuja mwenyewe. Laoban kawaahidi waandaaji kwamba wacheza ngoma wake "wa Australia" watampokea mgeni kwa ngoma ya kwao. Kwake ni fahari. Nikamwambia kupitia mkalimani kwamba yule mama akitutazama atajua. Akasema atafurahi kuona nyumbani. Na pasi tutapewa baada ya shughuli hiyo, wala si kabla.

Nitasimama mbele ya mtu nikiwa nimejipaka rangi ya baba yake aliyekufa. Baba ameongoza ngoma tangu hatujazaliwa. Muulize nifanye nini. Atakachosema nitakifanya, hata akinitukana.

Mikaeli


Magu
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Nyumba imekuwa na wageni, shangazi na wale ndugu wa Kwimba walikuja, na kupika kwa sufuria kubwa kumeniharibu mikono, ndiyo maana mwandiko wangu unayumba.

Barua yako imefika. Ule mguu umenitia hofu mpaka nikaenda kuzungumza na mchungaji. Kasema ni woga, na woga unaweza kukaa popote mwilini. Uukande kwa maji ya moto na usali.

Uliniambia nimuulize Baba. Baba anasema usihofu, mwanangu. Anasema mtu akikosea kwa kutokujua anaweza kusimama na kusema, na mwenye chake ndiye atakayeamua. Anasema yule mama akifika, mtafute kabla ya kucheza, mwambie jina lako na kwenu ni wapi, umwambie hamkuomba. Anasema anakuombea kila siku na anakupenda sana.

Ndivyo anavyosema. Usiniulize mengi ya huku, huku kila kitu kiko mahali pake. Shughulika na pasi. Ukishaipata mkononi, niandikie siku hiyohiyo. Kabla ya hapo usifanye jambo lolote la hasira, nakuomba kwa jina la mama yetu aliyelala.

Dada yako,
Dainess


Guangzhou
17 Novemba 2024

Dada, shikamoo.

Herieth amenipa barua yako juzi pale Zhanqian Road, katikati ya marobota ya nguo. Akanikumbatia muda mrefu mpaka wauzaji wakaanza kututazama. Nikamuuliza kulikoni, akasema ni uchovu wa safari. Herieth ninayemfahamu hakumbatii mtu, anakusalimia huku anahesabu mashati.

Na Baba kaniita mwanangu. Tangu lini? Nimeisoma mara nyingi hiyo barua. Ananiombea kila siku, ananipenda sana, wala hajanitukana hata kidogo. Sema ukweli, kikohozi kimezidi? Mwambie anitukane mstari mmoja tu, uuandike kama anavyosema. Nikiupata nitatulia.

Huku hali imechafuka. Nilimfuata laoban kwa upole kama ulivyosema, nikamwomba pasi. Akasema mei you, hakuna. Nikauliza tena, akatoa simu akaniambia nikitaka awaite polisi anawaita sasa hivi, wao wataisoma viza yangu vizuri kuliko yeye. Alitabasamu alivyosema. Nikarudi nyuma.

Eugene ameondoka. Aliacha manyoya yake yamepangwa vizuri kitandani akaenda bila pasi. Kila mtu tunayemuuliza anasema hajamwona. Kiplagat alikuwa mtu wa utani, sasa akisikia hodi anazima taa hata mchana.

Mgeni bado hajafika na siruhusiwi kufika hoteli atakayokaa. Nitamwambiaje kabla ya kucheza? Nitamwona nikiwa tayari jukwaani. Maneno ya Baba ni mazuri, ila sijui nayatumiaje.

Mguu uko vilevile. Maji ya moto hayasaidii.

Mikaeli


Magu
29 Novemba 2024

Mikaeli,

Naandika kwa haraka, Careen, mfanyabiashara mwenzake Herieth, anasubiri nje na gari, ndege yake ni kesho.

Sahau niliyokuandikia kuhusu kumtafuta yule mama. Usiseme neno. Akiuliza, nyamaza. Akilia, nyamaza. Cheza, shuka, mfuate bosi palepale, ushike pasi yako, uje nyumbani. Nimefikiri kila siku na ninaona ukisema ukweli watakufunga, na ukifungwa huko mimi nitabaki na nani?

Baba amelala. Sikutaka kumwamsha kwa ajili ya tusi.

Njoo tu, mdogo wangu. Nakuomba uje.

Dainess


Guangzhou
12 Desemba 2024

Dada Dainess, shikamoo.

Pasi ninayo. Naanza na hiyo ili uweze kusoma mengine umetulia. Iko kwenye soksi yangu ninapoandika na siivui.

Barua uliyompa Careen ilinifikia siku moja baada ya shughuli, kwa hiyo sikukuasi. Nilikuwa na yale ya Baba tu, ndiyo niliyoyashika.

Ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa hoteli, taa nyingi na zulia jekundu. Tulisimama nyuma ya pazia, mimi na Kiplagat, na wanafunzi wawili wa Kongo walioletwa kuziba pengo la Eugene. Nilichungulia nikamwona mgeni mstari wa mbele. Mama wa makamo, nywele fupi zimeanza mvi, miguu kaiweka sawasawa kama mtu aliye kanisani. Nikamwambia Kiplagat sitoki. Akaniambia, "Usipotoka tunakwisha wote." Ngoma ya kwenye spika ikaanza, nikatoka.

Mwanzoni alikuwa anatabasamu lile tabasamu la mgeni anayeonyeshwa vitu vya ajabu. Nadhani aliona manyoya ya vifagio akaelewa yote, akaamua kutuvumilia. Halafu ikafika zamu yangu ya mbele. Nikauburuza mguu.

Akasimama.

Alisimama mkono kwenye shingo, ananitazama mguu. Watu wakageuka kumtazama, spika inaendelea. Dada, nilitaka kuacha na sikuweza. Nakuapia mguu ulikuwa unakwenda wenyewe, unaburuza na kutua, unaburuza na kutua, na kila ukitua alikuwa anafumba macho. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata siku ya kumzika Mama. Nilidhani ama mimi nitaanguka nife au yeye. Kisha akageuka akatoka, na watu wa tamasha wakamfuata mbio.

Tukakaa chumba cha nyuma na rangi zetu, tunasubiri polisi. Laoban alikuwa koridoni anapiga kelele kwenye simu. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mama peke yake akaufunga.

Akaniuliza kwa Kiingereza, "Nani kakufundisha kutembea hivyo?"

Nikamwambia, "Baba yako. Kwenye filamu." Nikasema kama Baba alivyoagiza: jina langu ni Mikaeli, baba yangu ni Alphonce, kwetu ni Magu, Tanzania, na hatukuomba.

Akavuta kiti akakaa. Kisha akaniambia kwamba baba yake tangu ujana alichunga ng'ombe kwenye shamba la watu, mahali ambapo hata kwenda kuzika ndugu yake ilibidi aombe ruhusa. Siku moja farasi alimwangukia, nyonga ikavunjika, hawakumpeleka hospitali. Ikaunga vibaya. Ngoma ile, alisema, inatua miguu yote miwili. Wacheza wengine wote kwenye filamu wanatua yote miwili. Ni mzee peke yake aliyekuwa anaburuza, kwa sababu alikuwa anaumwa.

Dada, mimi niliyefundishwa na Baba kutazama miguu ya kundi zima kabla ya kuiga mmoja. Nilimtazama bingwa tu. Nikachukua maumivu ya mtu nikadhani ni hatua.

Nilipiga magoti kuomba radhi, akanizuia. Akaniomba kitu ambacho sikukitegemea. Alisema nioshe rangi, nivae nguo zangu, halafu nitembee vile mara moja, pale chumbani, mlango umefungwa. Kiplagat akanitazama kama nimehukumiwa. Nikaosha uso kwenye sinki, nikavaa suruali, nikatembea kutoka ukutani mpaka dirishani nikiburuza mguu wa baba yake. Alilia na kucheka pamoja. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa anakuja kutuamsha."

Kisha akafuta uso akasema, "Basi. Sasa uuache hapa. Usitoke nao." Nikamwitikia ndiyo. Akaniambia niseme tena, nikasema tena.

Ndipo akauliza karatasi zetu ziko wapi. Kiplagat ndiye aliyesema, mimi niliogopa. Yule mama akasimama, akafungua mlango, akawaambia watu wa tamasha mbele ya laoban kwamba filamu ya baba yake haitaonyeshwa mpaka kila mcheza ngoma ameshika pasi yake mkononi, na kwamba hataki mtu yeyote aitiwe polisi. Laoban akasema mingtian. Mama akakaa sakafuni pale koridoni, na sketi yake nzuri, akasema atasubiri. Pasi zilikuja kabla chai aliyoletewa haijapoa. Hata ya Eugene aliitoa, Kiplagat anamtafuta ampe.

Mguu sijui kama umepona. Natembea nikiusikiliza. Rangi nayo haitoki yote, imebaki nyuma ya masikio.

Nimepata ndege ya tarehe 28. Nina ombi moja. Siku ile nilikutana na mtu ambaye ili amwone baba yake akitembea ilibidi amwombe mgeni. Mpige Baba video akiwa ameshika jembe, hata kama amekaa kitini. Nikifika nitamtazama kwa macho yangu, ila nataka na hiyo iwepo.

Mikaeli


Magu
20 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Tahadhari. Katika barua hii kuna mtu aliyefariki dunia, na utasikia sauti yake.

Sikujua nianzeje, nikaazima maneno ya filamu yako. Sasa pasi iko kwenye soksi na tiketi unayo, sina tena sababu ya kukuficha.

Baba alituacha tarehe 5 Oktoba asubuhi, akiwa kitini kwake barazani. Ulipoandika nimuulize, barua ilifika matanga yamekwisha na wageni bado hawajaondoka. Nilikaa nayo chumbani siku nzima. Ungejua, ungemvamia yule mtu au ungetoroka kama Eugene, nami ningezika wawili. Herieth nilimwapisha asikwambie. Yale maneno ya upole yalikuwa yangu. Nilijaribu kufikiri angesema nini, nikaweza kupata mawazo yake, ila matusi yake sikuyaweza. Kila nikiandika tusi, kalamu inagoma. Uliponiomba mstari mmoja wa kukutukana nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Na nilipoandika kwamba amelala, nilikuwa nimetoka kaburini kung'oa majani.

Niliogopa kila siku, Mikaeli. Niliogopa ukijua, na niliogopa zaidi ukifanya nilichosema kwa jina lake kisha kikakuponza.

Video unayoomba ipo. Ni ya mwisho wa Septemba. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Aliagiza nimpe jembe lako lile la nyuma ya mlango, akalifuta kutu kwa majivu, akawa analirusha akiwa amekaa. Mara ya kwanza alilidaka. Mara ya pili lilimponyoka likaangukia ndoo, akanilaumu mimi kwa kushika simu vibaya. Halafu akatazama simu akasema, "Mpelekee yule mjinga aone ngoma yake ni ipi." Nilijaribu kuituma, haikwenda, nikasema nitaituma kesho. Kesho zikapita.

Ndiyo hilo tusi lako.

Nimeitunza, sijamwonyesha mtu, na hata mimi sijaifungua tena. Sitakufungulia mpaka useme. Ukisema ndiyo tutaitazama pamoja. Ukisema hapana, itakaa. Jembe nimelirudisha mahali pake.

Dada yako,
Dainess


Guangzhou
27 Desemba 2024

Dada, shikamoo.

Barua yako Herieth amenipa leo dukani, palepale Zhanqian Road. Nimeifungua nikiwa nimesimama kati ya marobota, nikasoma maneno ya mwanzo, yale ya tahadhari. Nikaikunja. Mengine sijayasoma.

Najua ni nani. Nadhani nilijua tangu uliponiambia ananiita mwanangu, nikajizuia kujua. Herieth alifungua mdomo, nikamwomba asitaje jina. Amenishika mkono tukakaa kwenye robota la jinzi mpaka duka likafungwa.

Barua hii siitumi kwa mtu. Nitakupa mwenyewe mkononi nikishuka kwenye gari, maana mdomo wangu hautafunguka. Usiutazame mguu wangu kwanza. Niwekee maji, nioshe hii rangi ya nyuma ya masikio. Kisha nitakaa chini barazani, kile kiti kikiwa kitupu kiache kitupu, na nitakupa barua yako nikiwa nimeikunja hivihivi.

Unisomee wewe. Safari hii soma kwa sauti.

Mikaeli